SOMO: JE, HAMU ALILAANIWA?

Masomo: Mwanzo 9:18–27, Mwanzo 10:6–20, Hesabu 12:1–15, Waraka kwa Filemoni

Kabla hatujafungua Biblia, natutazame maneno mawili tunayoyatumia kila siku. Mtoto asiyesalimia wakubwa huitwa mshenzi. Mtu mwenye adabu huitwa mstaarabu. Maneno haya yamepita njia ile ile waliyopita wapagazi. Katika misafara ya karne ya 19, mtu wa pwani alijiita mwungwana, yaani mtu huru, na watu wa bara aliokutana nao njiani, awe Mgogo, Mnyamwezi au Mmanyema, aliwaita kwa jumla washenzi. Na kustaarabika asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Basi hata leo, watu wawili wakigombania bomba la maji, hupimana kwa mizani ya msafara wala hawajui.

Njia yenyewe twaijua. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe. Hapa Tabora, mahali ambapo wasafiri wa Kizungu waliandika Kazeh, iligawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, jingine lilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wengi hudhani kila aliyebeba mzigo katika njia hiyo alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wa nguo na shanga, na walijivunia kazi yao. Lakini watumwa walikuwapo, wamefungwa kongwa shingoni, na si wote waliofikishwa pwani. Wengine walibaki huku huku. Wanyamwezi waliopata mali kwa pembe za ndovu nao walinunua watumwa wa kuwalimia mashamba.

Jambo hili hatupendi kulisema. Ni rahisi zaidi kumtaja Mwarabu, na kweli Mwarabu ana sehemu yake kubwa. Lakini Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Biashara ile ilikuwa na wabia wa kila rangi. Na mtu akimnunua mwenzake kama mbuzi, hana budi kutafuta sababu ya kuutuliza moyo wake. Husema, "Huyu si kama mimi." Dharau mara nyingi huja nyuma ya faida, kuihalalisha.

Sasa tufike kwa Hamu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh wakapokewa vizuri na wafanya biashara wa Kiarabu. Mwaka uliofuata Burton alibaki hapa, na Speke akaenda kaskazini akaliona ziwa kubwa la Nyanza. Akarudi tena mwaka 1861 pamoja na James Grant, akapita hapa hapa kwenda Karagwe na Buganda. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, na ndani yake aliandika mambo mawili ambayo twapaswa kuyajua. La kwanza, kwamba mtu mweusi ni mwana wa Hamu, aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake. Hilo hakulibuni yeye. Wenye watumwa kule Marekani walikuwa wakilihubiri siku nyingi, tena makanisani. La pili ni la kwake zaidi. Alipowakuta Rumanika wa Karagwe na Mutesa wa Buganda, wafalme wenye baraza na utaratibu, hakuweza kuamini kwamba watu weusi wameyajenga hayo wenyewe. Akakisia kwamba watawala hao ni uzao mwingine, uliotoka upande wa Uhabeshi.

Kisio hilo likazaa. Wataalamu wa Ulaya, na wamisionari pia, walilichukua wakaliita elimu. Katika Rwanda na Burundi, Wajerumani na baadaye Wabelgiji waliwaambia Watutsi kwamba wao ni Wahamiti, waliozaliwa kutawala, na Wahutu kwamba wamezaliwa kutawaliwa. Angalieni jinsi jina la Hamu lilivyogeuzwa! Mwanzo lilitumika kumdhili mtu mweusi; baadaye likatumika kumkweza mmoja juu ya mwenzake. Ingekuwa wameipata kwa Musa, isingegeuka hivyo.

Matunda yake tunayo mkoani kwetu. Mwaka 1972, baada ya maasi ya Wahutu, serikali ya Burundi iliyoshikwa na Watutsi iliua Wahutu wengi sana, na makumi elfu wakakimbilia Tanzania. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa wakati huo kwa ajili yao. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga makanisa. Mwaka 2014 watu zaidi ya 150,000 wa makazi ya zamani, yaani Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Hata hivyo kijana aliyezaliwa hapa, na mama yake akazaliwa hapa, bado husikia sokoni, "Wale wakimbizi." Wengine huyasema hayo Jumapili, wametoka kwenye Meza ya Bwana.

Tusome basi Mwanzo 9 polepole. Nuhu alilewa. Hamu aliuona uchi wa baba yake. Nuhu alipolevuka alitamka laana, na kila mtu asome mwenyewe jina lililotajwa: ni Kanaani. Hamu hakulaaniwa mahali popote katika sura hiyo. Wala si Mungu aliyelaani. Ni mzee aliyeamka na hasira. Kisha fungueni sura ya 10. Wana wa Hamu ni wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Waliohesabiwa kuwa watu wa Afrika ni Kushi, Misri na Putu, nao hawakuguswa na laana hiyo. Mipaka ya Kanaani imeandikwa wazi, kuanzia Sidoni hadi Gaza. Mnyamwezi hayumo, wala Mhutu. Aliyesoma habari ya Unyamwezi katika aya zile alikuja na jibu lake mfukoni.

Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni wanamnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Mungu akakasirika, na Miriamu akapigwa ukoma, akawa mweupe kama theluji. Aliyeona haya kwa ajili ya mke Mkushi akakaa siku saba nje ya kambi na weupe wake.

Mwisho someni Filemoni, mkiwakumbuka watu waliopita Kwihara mwezi Oktoba 1873 wamebeba maiti ya Livingstone. Chuma alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Jacob Wainwright pia. Naye alisoma katika shule ya misheni ya Kanisa letu huko Nasik, India, na ndiye aliyesoma ibada ya maziko walipouzika moyo wa Livingstone kijijini kwa Chitambo. Hapa Kwihara Luteni Cameron aliwashauri waizike maiti papa hapa, wakakataa, wakaifikisha Bagamoyo. Watu hao walioshinda safari hiyo, Chuma na Susi, hawakuchukuliwa kwenda maziko ya London mwezi Aprili 1874. Ni Wainwright tu aliyekuwapo. Wao walifika Uingereza kaburi limekwisha fungwa. Uingereza ile ile iliyokuwa imeishurutisha Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873.

Maswali kwa vikundi vya mtaa: Paulo anamwomba Filemoni ampokee Onesimo kama nani? Je, majirani wa Filemoni wangemwitaje Onesimo siku ya kwanza aliporudi? Katika mtaa wetu, ni posa gani iliyokataliwa kwa sababu wazee walinong'ona kwamba babu yake yule alinunuliwa, au kwamba ametoka Ulyankulu? Waraka wa Filemoni ni sura moja tu. Kila mmoja ausome nyumbani kabla ya kuja.