Somo la Kikundi: Je, Kijana Huyu Anafaa Kuwa Fundi wa Magari?



Vikundi vingi tunavyovitembelea hutuuliza swali moja: "Tumeweka akiba kidogo. Je, tumsomeshe kijana wetu awe fundi wa magari?" Ni wazo jema. Magari na pikipiki zimeongezeka vijijini, na zote huharibika. Lakini kabla hamjatoa pesa, acheni tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe.

Siku moja tulipeleka pikapu ya mradi wetu kwa fundi wa kando ya barabara. Paipu moja ya breki ilikuwa inavuja. Kijana akaibadilisha, akajaza mafuta ya breki, tukamlipa tukaenda. Tuliona pedali ni laini kidogo, tukadhani ni kawaida. Kesho yake tulikuwa tunateremka mlima, tumebeba mama mgonjwa. Dereva akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini. Akakanyaga tena, ikashika kidogo tu. Bahati nzuri alikuwa mtu wa miaka mingi barabarani. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono pole pole, na gari likaegemea ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Mama yule tulimpakia kwenye matatu.

Tulirudi kwa yule kijana na hasira. Tukamwuliza, "Kijana, ulitoa hewa kwenye breki?"

Akatutazama. "Hewa gani, mzee?"

Hapo hasira ikapoa. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alijua kufungua na kufunga, kwa kuwa ndivyo alivyoona wengine wakifanya. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Na sisi tulikuwa na kosa letu: tulitafuta bei ya chini, wala hatukuuliza amefundishwa na nani.

Hewa ina ubaya gani?

Ukikanyaga breki, mafuta yaliyo ndani ya paipu husukuma breki kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Lakini hewa hubonyea kama mpira. Ikiingia ndani ya paipu, mguu wako unabonyeza hewa, na breki hazishiki.

Kwa hiyo kila paipu ya breki ikifunguliwa, ni lazima hewa itolewe. Mtu mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulegeza skrubu ndogo iliyo kwenye gurudumu, mafuta yatoke pamoja na mapovu, kisha huikaza kabla mwenzake hajaachilia mguu. Hurudia hivyo mpaka mapovu yaishe, huku wakiongeza mafuta yasipungue kwenye chupa yake. Mwisho gari hujaribiwa pole pole mahali tambarare. Kazi hii haihitaji mashine ya bei kali. Inahitaji mtu aliyefundishwa.

Ndiyo sababu tunasema: gari bovu hukaa nyumbani, lakini gari lililotengenezwa nusu hutoka barabarani na watu ndani.

Sifa za kutazama

1. *Anatafuta chanzo.* Chukueni mfano wa gari linalochemsha maji. Fundi wa kubahatisha atasema, "Nunua rediata." Fundi mzuri atauliza: Maji yanavuja wapi? Mkanda wa feni umelegea? Themostati imekwama? Gasketi ya hedi imeungua? Hukagua kitu kimoja kimoja, akianza na kile cha gharama ndogo. Basi mtazameni kijana wenu nyumbani. Redio ikinyamaza, je, huipiga kofi, au huanza kwa kuangalia betri?

2. *Ni mwaminifu.* Mwenye gari mara nyingi hajui kinachofanyika chini ya boneti. Fundi mwaminifu humwonyesha spea ya zamani aliyoitoa, na asipojua kitu husema, "Hii sijui, ngoja nimwulize mwenzangu." Kuuliza si ujinga. Kijana aliyewahi kushika pesa za kikundi na kurudisha chenji yote ameshafanya mtihani wa kwanza.

3. *Ni mwangalifu.* Haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Huweka stendi imara. Hafungui kifuniko cha rediata injini ikiwa moto, maana maji yatamrukia usoni. Haoshi vyuma kwa petroli karibu na moto au sigara. Mafuta machafu ya injini hayamwagi mtoni, kwa sababu watu na mifugo hunywa hapo.

4. *Anasoma na anajua hesabu.* Siku za kabureta, mtu aliweza kwenda mbali kwa macho na masikio tu. Lakini Kenya haikubali magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo mengi yanayokuja yana kompyuta ndani. Fundi wa leo husoma hitilafu kwa kifaa maalum, hufuata nyaya za umeme, na husoma vitabu vya gari ambavyo vingi viko kwa Kiingereza.

Angalieni, hatukusema "mwenye misuli". Msichana mwenye sifa hizi anafaa sawasawa na mvulana. Vyuma vizito vina jeki na winchi.

Mafunzo yanapatikana wapi?

Njia ya kwanza ni chuo cha ufundi. Mwaka wa 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti kuhusu vijana wanaomaliza shule ya msingi bila kazi, na kutokana na wazo hilo vikaanzishwa vyuo vya ufundi vijijini. Siku hizi vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti. Kabla ya kulipa karo, nendeni mkatembee karakana. Kuna injini ya kufungua, au kuna ubao na chaki tu?

Njia ya pili ni kujifunza kwa fundi wa jua kali. Huko kazi ni nyingi na mikono huzoea upesi. Hatari yake ni ile ya yule kijana wetu: kuona bila kuelezwa, na mwaka mzima kutumwa spana na chai.

Njia hizi mbili zinaweza kukutana. Aliyejifunza gereji anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, unaosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Huanza na gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Cheti hicho humsaidia kupata kazi hata kwa mwajiri asiyemjua.

Kikundi kifanye nini?

Msimkabidhi kijana kwa fundi kwa maneno matupu. Andikeni mapatano: atajifunza kwa muda gani, kazi zipi (injini, breki, gia, umeme), nani ananunua ovaroli, na akiumia nani atamtibu. Anzeni na mwezi mmoja wa majaribio. Pesa zitoeni kidogo kidogo, na vifaa mnunue kadiri anavyoendelea. Kila baada ya miezi mitatu mwiteni mbele ya kikundi awaeleze alichojifunza, na kwa nini kinafanywa hivyo. Akishindwa kueleza kwa nini, msimlaumu haraka. Nendeni mkamwone mwalimu wake.

Na muhimu kuliko yote, msimwache katikati. Afadhali kumsomesha mmoja akamaliza kuliko kuwaanzisha watatu wakabaki nusu. Abiria hawezi kujua kama fundi alimaliza masomo. Atajua siku ile ya mteremko.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni kijana gani ana sifa hizi nne? Tunajuaje?
2. Je, tumewahi kuchagua fundi kwa sababu ya bei tu? Ilitugharimu nini?
3. Akiba yetu inatosha kumfikisha mwisho? Kama haitoshi, tungoje mpaka lini?
4. Kijana akihitimu, atakirudishia kikundi nini: pesa, au kumfundisha mwingine?