Nguruwe na Joto la Mwezi wa Kumi

Ninyi mnaofuga nguruwe, sikilizeni somo hili. Katika mwezi wa kumi jua la Katanga ni kali kupita miezi mingine. Kisha mvua za kwanza huanguka, na hewa hubaki na moto tena na unyevu. Siku hizo nguruwe mnono wa kuuza aweza kufa saa nane ya mchana, na feza ya masomo ya watoto hupotea pamoja naye. Watu husema: «Amelogwa.» Sivyo. Ameuawa na joto.

1. Sababu

Mtu akiona joto hutoka jasho. Mbwa hutoa ulimi na kuhema. Nguruwe hana jasho la kumtosha, na kuhema kwake hakumpozi kama mbwa. Tena mafuta yaliyo chini ya ngozi huzuia moto wa mwili usitoke. Ndiyo maana hujilaza katika matope. Hapendi uchafu, ila maji yakikauka juu ya ngozi yake huondoa moto.

Lakini angalieni: siku ya unyevu nguo mliyofua haikauki upesi. Ngozi ya nguruwe ni vilevile, isipokauka haipoi. Siku hiyo maji peke yake hayatoshi, sharti upepo upite.

2. Kibanda

Karibu na migodi miti mingi imekatwa kwa kuchoma makala. Basi mti uliobaki penye kibanda msiukate. Jengeni paa la nyasi, lipite kichwa cha mtu kwa urefu. Bati tupu hushusha moto juu ya mnyama. Liwekeeni nyasi juu. Kuta ziwe za fito zenye nafasi. Upande mrefu wa kibanda ufuate njia ya jua, toka mashariki hata magharibi, ili jua lisiingie ndani sana. Msisonge nguruwe wengi mahali padogo.

3. Maji na chakula

Nguruwe mzima hunywa litre 10 kwa siku au zaidi. Jike anyonyeshaye ahitaji 20 hata 30. Maji yawe safi na yakae kivulini. Chimbeni pia shimo la matope chini ya kivuli. Msitumie maji yatokayo mahali pa kuoshea mawe ya migodi, maana yaweza kuwa na sumu.

Chakula kikisagika tumboni huongeza moto. Kwa hiyo lisheni mapema asubuhi na jioni, si mchana.

Jike mwenye mimba na dume muwaangalie zaidi. Joto kali laweza kutoa mimba. Na dume aliyepatwa nalo aweza kukaa majuma 5 au 6 akipanda majike bila kuwatia mimba.

4. Safari ya sokoni

Ondokeni kabla ya mapambazuko. Nguruwe aliyefungwa juu ya baisikeli, kifua kimebanwa na kamba, hawezi kuhema vema. Mwagieni maji njiani, mkapumzike kivulini. Msimkimbize wala kumpiga.

5. Dalili na msaada

Nguruwe mzima akipumzika huvuta pumzi mara 20 hivi kwa dakika. Mkihesabu zaidi ya 50, naye amefungua kinywa, anatetemeka au anayumba, hatari imefika. Fanyeni hivi:

a) Mpelekeni kivulini polepole, au mjengeeni kivuli papo hapo.
b) Mwagieni maji ya kawaida kidogo kidogo, mkimpepea kwa jani pana.
c) Mpeni maji anywe mwenyewe, msimmiminie kinywani, asije akapaliwa.
d) Mwacheni atulie hata jioni.

Lakini nguruwe wengi wakiugua na kufa kwa siku chache, hata penye kivuli, msiseme ni joto. Labda ni homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haina dawa ya kuiponya. Msiuze nyama yao, msiwahamishe walio hai. Mwiteni mganga wa wanyama upesi.

Maulizo

Kwa nini nguruwe hulala katika matope? Kwa nini maji hayatoshi siku ya unyevu? Nguruwe wako mchana huu, kivuli chake ni kipi?