Fishi za Kahawa: Ziwekwe Wapi?

Ndugu wanachama, koperative zingine zinauliza kama Lucene inatosha kwa kutunza fishi za kahawa ndani ya ordinatere. Lucene ni programu ya kutafuta: inakata maandishi neno kwa neno, na inaandika kila neno liko katika fishi gani. Unaandika «Minova», fishi zake zinatoka mara moja. Ni nzuri sana. Lakini kama haikuambiwa itunze fishi yenyewe, inabaki na orodha ya maneno tu. Kilo za mama aliyeleta mzigo hauzioni tena, na yeye anangoja malipo.

Fishi zianzie katika hifadhidata, ni kusema daftari kubwa la ordinatere, kama PostgreSQL. Orodha ya Lucene ikiharibika, inatengenezwa upya kutoka humo. Kopi ya hifadhidata muitunze nje ya biro.