Bia ya Ngano Yenye Ugwadu: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeitengeneza Nyumbani

Bia nyeupe ya Ubelgiji hutengenezwa kwa kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, ikakolezwa kwa mbegu za giligilani na maganda makavu ya danzi. Kijiji cha Hoegaarden ndicho kilichosifika kwayo. Kiwanda cha mwisho kijijini hapo kilifungwa katika miaka ya 1950, na katika muongo uliofuata Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua. Bia hiyo ya kale ilikuwa na ugwadu, kwa kuwa bakteria wa asidi ya maziwa walijiingiza wenyewe katika mapipa. Anayetaka ugwadu huo leo huwatia bakteria kwa makusudi. Tunamtahadharisha tangu mwanzo kwamba ugwadu si ushahidi wa usalama, na ulimi si chombo cha kupimia.

Bakteria hawa si wageni kwa msomaji wetu, kwani jamii yao ndiyo inayochachusha togwa na maziwa mgando. Tofauti ni kwamba togwa hunywewa upesi, ilhali bia hii hufungwa chupani kwa wiki nyingi, na kosa lililofanyika siku ya kwanza hukaa humo pamoja nayo.

Kwa lita 20 za bia, kilo 2.2 za kimea cha shayiri na kilo 2 za ngano iliyoparazwa zinatosha. Nafaka huloweshwa katika maji yenye joto la nyuzi 66 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, kisha huchujwa na kusuuzwa. Maji ya kimea yanayopatikana huchemshwa kwa dakika chache ili kuua vijidudu vilivyotoka na nafaka. Hopsi, yaani yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, yasitiwe katika hatua hii, kwa sababu huwazuia bakteria tunaowahitaji.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Maji ya kimea yaliyopozwa hadi nyuzi 35 ni matamu, yana uvuguvugu, na hayana kileo wala hopsi. Kila kijidudu huyapenda. Kwa hiyo, kabla ya kutia bakteria, tunashauri uongeze asidi ya maziwa iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, kidogo kidogo, hadi kipimo cha pH kishuke chini kidogo ya 4.5. Chini ya kiwango hicho bakteria wanaosababisha sumu ya botulini hawawezi kukua, na wengine wengi wanaoleta harufu mbaya hudhoofika. Ndipo utie bakteria, ufunike sufuria kwa karatasi ya nailoni ya kufungia chakula ikigusa uso wa maji ili hewa isibaki, kisha uifunge kwa blanketi itunze joto.

Karatasi za kupimia zinazobadilika rangi hazifai sana, maana rangi ya kimea huzipotosha. Nunua kipimo cha kielektroniki, nacho ukisahihishe kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7 kabla ya kila matumizi. Baada ya saa 24 hadi 48 kipimo hufika kati ya 3.2 na 3.5. Usionje kabla ya hapo. Harufu njema ni ile ya mtindi au limau. Ukikuta harufu ya matapishi au ya maji taka, au ukungu juu ya uso, mwaga yote. Kuchemsha upya hakuondoi kila sumu, wala hasara ya nafaka hailingani na gharama ya matibabu.

Pakiti za bakteria nazo zina mtego wake. Tangu mwaka 2020 wataalamu wamebadilisha jina la Lactobacillus plantarum kuwa Lactiplantibacillus plantarum, hivyo majina yote mawili huonekana madukani na bidhaa ni ileile. Linalopasa kukaguliwa ni tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama muuzaji aliihifadhi penye ubaridi ulioelekezwa. Dai risiti.

Ugwadu ukitosha, chemsha maji hayo kwa dakika 15. Bakteria hufa, ugwadu hubaki. Hapo tia hopsi kidogo, na mwishoni giligilani na danzi, gramu 15 kila kimoja. Poza hadi nyuzi 20, kisha tia hamira ya bia, pakiti nzima ya gramu 11, kwa sababu asidi huichosha hamira.

Wapo wanaopenda kuacha sufuria wazi usiku kucha, hewa ilete vijidudu vyake, kama wafanyavyo watengenezaji wa lambiki pembezoni mwa Brussels. Hatupendekezi. Wabelgiji hao wenyewe huitengeneza katika miezi ya baridi tu, kwa kuwa hewa ya joto huleta vijidudu wasivyovitaka, kisha huiacha katika mapipa hata miaka mitatu. Jikoni kwenye joto, jaribio hilo ni bahati nasibu.

Baada ya wiki mbili, pima kwa haidromita. Kipimo huwa kimeshuka kutoka takriban 1.044 hadi karibu 1.010. Rudia baada ya siku tatu, na tena baada ya tatu nyingine. Kikishuka hata kidogo, usifunge chupa, kwani sukari iliyobaki itageuka gesi na glasi italipuka. Vikilingana, tia gramu 6 za sukari kwa kila lita. Tumia chupa nene za bia, kamwe si chupa nyembamba za sharubati. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda: ikiwa ngumu kwa kubonyeza, hamishia zote penye baridi. Chupa unayoitilia shaka usiitikise. Vaa glavu na miwani, ifunike kwa kitambaa kizito, uipoze kabla ya kuifungua.

Kuuza bia hii bila leseni ni kosa, na walio chini ya miaka 18 wasipewe. Kila chupa ibandikwe tarehe na maneno haya: kileo, ina shayiri na ngano. Mgeni ambaye mwili wake haupatani na gluteni hawezi kuyajua hayo kwa kutazama glasi.