Haki ya Mwalimu Mgeni: Masala ya Ujira kwa Wapandao Ufipa Kusomesha

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaamrisha waja wake kutimiza mapatano, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ufipa ni nchi ya uwanda wa juu baina ya maziwa mawili, Tanganyika kwa magharibi na Rukwa kwa mashariki, na mji wake mkubwa ni Sumbawanga, ulioinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Mtu atokaye Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 1,000, apite Mbeya na Tunduma, ndipo afike. Uislamu ulipata makao huko kwa njia ya ziwa, katika bandari kama Kirando na Kasanga walikofikia wafanya biashara wa zamani. Lakini wengi wa wenyeji ni Wakatoliki, kwani Mapadri Weupe walishika Karema tangu mwaka 1885, wakaeneza skuli na makanisa yao. Waislamu ni wachache, na walimu wao ni wachache zaidi. Kwa hivyo watakapo mwalimu wa Qurani na fiqhi, macho yao huelekea pwani: Tanga, Unguja, Mombasa, Lamu, hata Ngazija.

Na hapa ndipo penye msiba. Mwalimu huitwa kwa maneno mazuri, akaacha mke na watoto, akapanda. Mwezi wa kwanza hupewa ujira wake wote, wa pili hupewa nusu, wa tatu huambiwa, "Subiri kidogo, sheikh, mahindi yangali shambani." Mwezi wa sita yuwakopa sukari dukani, na watoto aliowafundisha adabu wasikia mwenye duka akimdai mwalimu wao. Mwisho hupanda basi la alfajiri bila ya kuaga, na watoto hubaki katikati ya Juzuu Amma. Kisha wenyeji husema kuwa watu wa pwani hawana subira, na watu wa pwani husema kuwa watu wa bara hawana ahadi. Maneno yote mawili ni ya kuikimbia hukumu, na hukumu iko wazi katika vitabu vya madhehebu.

Wa kwanza wa kukumbukwa katika wageni wa kazi ni Nabii Musa (A.S.). Alifika Madyani mkimbizi, hana mali wala jamaa, na mzee wa huko akamwajiri. Tazameni katika Suratul Qasas jinsi mapatano yalivyofanywa: muda ulitajwa, nao ni miaka minane, na ya kumi kwa hiari ya Musa, malipo yalitajwa, nayo ni kuozwa mmoja wa mabinti wawili, mwenye kuajiri alisema hataki kumtaabisha, na mgeni naye hakunyamaza kwa haya, bali alisema wazi kuwa muda wowote atakaoutimiza asidhulumiwe, kisha wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Basi ikiwa Nabii, mbele ya mtu mwema, aliyataja mapatano yake moja moja, mwalimu wa leo aonaye aibu kutaja ujira wake ameitoa wapi aibu hiyo?

Huenda mtu akasema: kusomesha Qurani ni ibada, na kuitajia bei ni kuiuza. Jawabu yake ni kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii kuchukua ujira kwa kusomesha Qurani ni halali, na dalili yake ni hadithi ya Ibn Abbas katika Sahihi ya Bukhari, ambamo Mtume (S.A.W.) amekitaja Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuwa ndicho chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Mahanafi wa zamani walikataza, lakini waliokuja baadaye wakaruhusu walipoona kuwa walimu watakwisha. Na ajabu ni kwamba wasemao kuwa mwalimu asidai kwa kuwa kazi yake ni ya Mungu, hawamwambii hivyo fundi aliyeezeka msikiti.

Sasa yafuata yaliyo mazito, nayo ni namna akidi inavyoharibika kabla hata mtu hajadhulumu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277 wa Miladi), ameeleza katika Minhaji kuwa kusomesha Qurani hupimwa kwa muda au kwa kutaja sura. Kwa hivyo useme mwaka mmoja, au useme Juzuu Amma, wala usiyafunge yote mawili pamoja ukasema Juzuu Amma kwa mwezi mmoja, kwani huenda kazi ikaisha kabla ya mwezi au mwezi ukaisha kabla ya kazi. Na desturi iliyoenea ya kusema "kila mwezi shilingi kadha", bila ya kutaja miezi mingapi, katika kauli iliyo sahihi zaidi haifai, kwa kuwa mwisho wake haujulikani. Ifaayo ni kusema: mwaka mmoja, tangu tarehe kadha hata tarehe kadha, kwa shilingi kadha zote pamoja, nazo zitalipwa mafungu kumi na mawili, kila fungu tarehe kadha.

Tuchukue mithali ya Zaidi na Amri, kama ilivyo ada ya vitabu. Amri ni msimamizi wa madrasa Sumbawanga, na Zaidi ni mwalimu kutoka Lamu.

Zaidi akianza kusomesha, na wala yeye wala Amri hakutaja ujira, basi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu Zaidi hana kitu. Iko kauli nyingine kuwa ajulikanaye kwa kazi ile hupewa, nayo wako walioiona kuwa nzuri, lakini haifai mtu kuacha nyumba yake Lamu kwa kuitegemea. Ama Amri akimwambia, "Njoo, sheikh, nasi tutakuridhisha," hapo akidi ni fasidi, walakini Zaidi apata ujira wa mfano, yaani ule walipwao walimu kama yeye kwa kazi kama ile. Na vivyo hivyo akiambiwa kuwa ujira wake ni chakula na nguo: chakula hicho hakina kipimo, na pwani mtu huelewa wali na samaki, na Ufipa huelewa ugali wa ulezi au wa mahindi na maharage. Akidi ni fasidi, na ujira wa mfano ni wajibu.

Masala ya mavuno yataka kuangaliwa zaidi, kwa kuwa Ufipa ni nchi ya mahindi. Amri akisema, "Tutakupa sehemu katika mavuno ya shamba la msikiti," haifai, kwani haijulikani shamba litatoa nini. Na maulamaa wameukataza mfano wake kwa msaga nafaka apewaye ujira katika unga ule ule atakaousaga. Akisema, "Gunia kumi za mahindi," bado pana shaka, maana gunia la lumbesa si gunia la kufunga mdomo. Itajwe kilo, na itajwe aina, na kuwa yamekauka. Na akisema, "Utalipwa wakati wa mavuno," muda huo nao ni majhuli kwa Mashafii, kwa kuwa mavuno hutangulia na huchelewa. Itajwe tarehe. Wangapi wameambiwa mavuno, na mavuno yalipokuja wakaambiwa bei imeshuka!

Na Zaidi asikubali bila ya kufikiri ahadi ya jaala, yaani, "Ukimkhitimisha mwanangu nitakupa kadha." Katika jaala mfanya kazi hastahiki ila kwa kumaliza, akiacha yeye mwenyewe njiani, hana chake. Kweli mwenye mtoto akivunja baada ya kazi kuanza, humlazimu ujira wa mfano. Lakini mtoto akisitasita mwaka mzima, leo yuko chuoni na kesho yuko na ng'ombe, mwalimu atangoja mpaka lini?

Mambo madogo nayo yaandikwe. Nani hasa anayeajiri: Amri kwa nafsi yake, au jumuiya, na kwa mali gani? Maana mara nyingi mwenyekiti aliyeita hubadilishwa, na mpya husema, "Sisi hatukukuita." Nyumba iandikwe, na kuni, na mablanketi pia, asicheke mtu wa pwani, mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko haina mzaha. Nauli ya kupanda na ya kurudi iandikwe ni ya nani. Kisha wawepo mashahidi wawili, na kila mmoja awe na nakala yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ile ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Na ujira uliokwisha fanyiwa kazi ni deni kama deni lingine.

Ikiwa yote yamefanywa, na Amri asilipe? Kwanza yatazamwe: ana uwezo au hana. Asiye na uwezo kwa kweli, kama watu waliopatwa na ukame, Qurani imeamrisha apewe nafasi mpaka apate; na mwalimu akishindwa kungoja, ana khiari ya kuivunja akidi akadai zile siku zilizopita. Ama mwenye uwezo, kuchelewesha kwake ni dhulma kwa maneno ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na katika hadithi ya Abu Huraira mtu aliyestarehe na kazi ya mwajiriwa kisha asimlipe ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama. Wala si udhuru kusema kuwa pesa zimetiwa katika mnara. Mtu mwenye deni lililofika wakati wake ni haramu kwake kutoa sadaka kile akihitajiacho kwa kulipia deni hilo. Lakini pesa zilizotolewa na mfadhili kwa mnara tu, hizo nazo msimamizi hana ruhusa kuzigeuza kuwa ujira. Alilokosa ni kumwita mwalimu bila ya kumwekea fungu lake.

Je, mwalimu aweza kujilipa kwa mkono wake? Katika madhehebu iko masala iitwayo dhafari: mwenye haki iliyokanushwa, akiipata mali ya mdeni wake, aweza kuchukua kadiri ya haki yake. Wengi huijua nusu yake tu. Misahafu, mazulia na vipaza sauti vya madrasa ni wakfu, si mali ya Amri, basi kuvichukua si dhafari, ni kula wakfu. Na hata katika mali ya Amri mwenyewe, sharti ni pasiwe na fitina. Na katika mji mgeni, kumtoa mwalimu wa Qurani mbele ya polisi kwa wizi ni fitina kubwa kwa Waislamu wachache wa pale.

Njia iliyo salama ni kwanza wazee na masheikh wasuluhishe. Ikishindikana, ajue kuwa Tanzania Bara hakuna mahkama ya kadhi yenye nguvu ya dola, na hata Kenya, ambako makadhi wamo katika katiba ya mwaka 2010, kazi yao ni nikaha, talaka, mirathi na hali za watu, si ujira. Mlango ulioko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya ujira hupelekwa ndani ya siku 60, na ya kufukuzwa kazi ndani ya siku 30. Wengi huipoteza haki yao kwa kungojea mavuno. Katika fiqhi mdai ndiye aletaye ushahidi na mkanushaji huapa; lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha ikiwa hakuleta mkataba wa maandishi. Na sheria hiyo humlazimisha mwajiri, kazi ikiisha mahali pengine pasipokuwa pale alipoajiriwa mtu, amrudishe alikomtoa pamoja na vyombo vyake, au alipe nauli, na posho ya siku anazongoja. Kwa hivyo mahali pa kuajiriwa paandikwe waziwazi. Kumshitaki Muislamu huko ili kupata haki yenyewe hakuna makosa. Makosa ni kudai zaidi ya haki.

Mgeni wa dola nyingine, kama Mkenya au Mngazija, ana shida ya ziada. Tangu sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 hafanyi kazi ila kwa kibali cha Kamishna wa Kazi, na ukaazi ni wa Uhamiaji. Ajaye kwa pasi ya matembezi kisha akakaa chuoni hujitia kamba shingoni, na mwajiri mbaya huishika ncha yake: akidai, hutishwa kwa Uhamiaji. Basi asipande mpaka kibali kitoke. Na pasipoti yake asiitoe ikashikwa "kwa amana"; hiyo ni mali ya dola iliyoitoa, haifai kuwekwa rehani, na aizuiaye bila ya ridhaa ya mwenyewe ni mporaji.

Imebaki zaka. Baadhi ya kamati humlipa mwalimu kwa zaka ya fitiri na kuihesabu kuwa mshahara. Haifai: zaka haiondoi deni la ujira, wala ujira hauondoi wajibu wa zaka, na mtoaji aliyekusudia hivyo hajatoa. Lakini mwalimu aliyekwama Sumbawanga bila ya nauli ni ibnu sabili, kwani kwa Mashafii huyo ni pamoja na aanzaye safari kutoka mji ilipo zaka, maadamu safari yake si ya maasi. Apewe kiasi cha kumfikisha kwao, asisemeshwe maneno ya kumtahayarisha. Na akisha kufika Lamu, deni lake lote lingali shingoni mwa Amri.