SOMO: Mpiga Picha na Mtoto Flávio

Safari hii tujifunze kwa Gordon Parks, mpiga picha wa mitindo ya mavazi wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1912 Fort Scott, Kansas, akiwa mdogo kuliko wote kati ya watoto 15. Hakumaliza sekondari. Alinunua kamera iliyotumika, akajifundisha mwenyewe. Alianza na picha za mavazi ya wanawake kwa duka moja la St. Paul, Minnesota. Baadaye alipigia jarida la Vogue, na mwaka 1948 akawa Mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life kama mpiga picha.

Mwaka 1961 Life lilichapisha picha zake za Flávio, mvulana mwenye pumu katika mtaa wa mabanda huko Rio de Janeiro, Brazili. Wasomaji walichanga maelfu ya dola. Familia ilipata nyumba, na Flávio akapelekwa Denver kutibiwa. Lakini baada ya miaka miwili alirudishwa kwao, ingawa alitamani kubaki. Parks alimtembelea tena mwaka 1976, na alijiuliza kama kweli alimtendea mema.

Nasi huwapiga picha watoto ili kuomba michango. Picha huleta fedha, haimlei mtoto.

Maswali ya kujadili:
1. Watoto wa picha zetu za zamani wako wapi leo?
2. Je, tuliwauliza wao na wazazi wao wanataka nini?