MINYOO YA VINUNDU KATIKA MIZIZI YA MAUA

Mafunzo kwa wakulima wa karnesheni katika Kenya

1. Dalili zake. Mkulima aonapo karnesheni zake zimedumaa, majani yamekuwa manjano, nazo zanyauka adhuhuri ingawa udongo una maji, asikimbilie kuongeza mbolea. Na ang'oe mche mmoja taratibu, aioshe mizizi na kuitazama. Akiona vinundu, adui ni mnyoo wa mizizi. Vinundu hivi si kama vile vya maharagwe, vyenye manufaa. Kinundu cha maharagwe hubanduka kwa kidole. Cha mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

2. Maisha yake. Mnyoo mchanga hazidi nusu milimita, wala haonekani kwa macho matupu. Huingia katika ncha ya mzizi, akatulia na kunyonya. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya ute, na katika udongo wenye joto kizazi hutimia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Basi karnesheni ikaayo shambani miaka miwili huonja vizazi vingi.

3. Habari ya sumu. Zamani wakulima walifukiza udongo kwa methili bromaidi. Gesi hiyo huua minyoo, lakini huua pia viumbe viwalavyo, tena huharibu tabaka ya ozoni. Mwaka 1997 mataifa ya Mkataba wa Montreal yalipatana kwamba nchi tajiri ziiache ifikapo 2005, na nchi zinazoendelea 2015, isipokuwa kwa kazi chache. Udongo uliofukizwa ni nyumba isiyo na mlinzi: mnyoo arudipo hakuti wa kumzuia.

4. Walinzi walio hai.

(a) Kuvu iitwayo Purpureocillium lilacinum hupenya mayai ya mnyoo na kuyala.

(b) Bakteria Pasteuria penetrans: chembe zake hunata katika ngozi ya mnyoo mchanga apitapo. Jike aliyeambukizwa hutaga mayai machache, au hatagi kabisa. Naye afapo huacha udongoni chembe mpya zipatazo milioni mbili.

(c) Marigoldi: mizizi yake ina kitu kinachoua minyoo. Lakini si kila aina ya marigoldi hushinda kila aina ya mnyoo. Yafaa kuijaribu kwanza katika tuta dogo.

5. Namna ya kuwatumia. Walinzi hawa hawaponyi mzizi uliokwisha kuvimba. Kwa hiyo yapasa watangulie:

Kwanza, ng'oa mimea ya zamani pamoja na mizizi yake yote, uichome moto. Usiitie katika shimo la mboji.

Pili, panda marigoldi tupu, kwa kusongamana, miezi miwili au mitatu. Machache yaliyotawanyika kati ya karnesheni hayafai sana. Ondoa magugu, maana hulisha minyoo.

Tatu, changanya kuvu na samadi iliyooza vema, uitie udongoni jioni, kisha mwagilia. Kuvu hufa kwa jua kali na ukavu. Wala usiichanganye na dawa ya kuua ukungu, kwani hiyo ni kumwua mlinzi wako kwa mkono wako.

Nne, panda miche safi tu. Mche wenye kinundu kimoja waweza kuliharibu tuta zima.

Tano, rudia kutia kuvu kama ilivyoandikwa katika pakiti, na kila mwezi chunguza mizizi michache.

Mkulima asitazamie udongo usio na mnyoo hata mmoja. Kazi ya walinzi ni kuwapunguza, hata mmea uweze kuzaa maua yatakayolipa gharama. Anayeanza kabla ya kupanda huvuna. Anayengoja vinundu amechelewa.